Dole Gumba la Mzee Lugendo

Usingizi wa mchana hauombi ruhusa. Unamkuta Sikudhani ameinamia daftari la mahudhurio, siku yake ya mwisho kama mratibu wa kituo cha wazee, saa nane kasoro, uji umeshanywewa, wazee wameshanyoosha viungo na kurudi makwao, na yeye anamngoja Tunu, mratibu mpya, aje achukue funguo. Miaka kumi na mmoja inatosha. Amechoka kuzika marafiki, anakwenda kwa dada yake Singida. Anafumba macho kidogo tu, kidogo hivi, na daftari linafunguka chini ya shavu lake kama mlango, naye anaingia. Ndani, mistari ya daftari imekuwa barabara, nyembamba, zote sawa, zinakwenda na kurudi, na kila aendako anakuta benchi lile lile, na pembeni mji umegeuzwa kama kwenye kioo, watu wake wanatembea kinyumenyume na kuamkiana kwa kuanza na marahaba. Kwenye benchi ameketi mtu. Hana macho, hana mdomo. Mahali pa uso pana alama ya dole gumba, mistari ya wino wa zambarau inazunguka, inazunguka. Shikamoo, anasema Sikudhani, maana adabu haiachwi hata huku. Marahaba mwanangu, unakimbilia wapi? Sikimbii, naondoka tu. Anayeondoka huaga, umemuaga nani? Nimewaaga wote. Wote? Haya, kitendawili. Tega. Nahesabiwa kila Jumanne na hakuna anionaye.

Sikudhani anajua. Anajua kabla maneno hayajaisha. Kituoni, anayekosa Jumanne tatu hufutwa, nafasi yake akapewa mwingine. Basi Mzee Lugendo alipoanza kuumwa nyonga, Sikudhani akawa anachovya gumba lake mwenyewe kwenye wino na kulibandika penye jina la mzee. Wema tu. Lakini wahudumu wa kutembelea majumbani huenda kwa wasiofika, na Mzee Lugendo, kwa daftari, hajakosa hata siku moja. Mwanzoni Sikudhani alimpitia mwenyewe jioni na chakula. Kisha zikaja shughuli za kukabidhi ofisi, na wiki ya tatu hii hajapita. Tunu hajaambiwa. Kumwambia ni kukiri, na barua ya kumshukuru Sikudhani kwa uaminifu wake imeshasainiwa. Simjui, anamjibu wa kwenye benchi. Basi nipe mji. Ndiyo desturi, aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, na mji hutolewa kwa mdomo tu, haupungukiwi hata tofali. Chukua Korogwe. Huku, uliotolewa unakwenda kweli: mji unajikunja kama mkeka na watu wake ndani. Narudia, nahesabiwa kila Jumanne. Chukua Handeni. Handeni nayo inakunjwa. Ama huyu mratibu mkarimu, anasema asiye na uso, anagawa miji kama anavyogawa uji. Chukua Singida, na Singida inakwenda, dada yake amesimama mlangoni na kanga begani. Barabara zinafupika, benchi linasogea lenyewe, magoti yao sasa yanagusana. Umebakiwa na mmoja, mwanangu. Anageuka kuutazama, na ni Muheza, mtaa wao huu huu, na mtaani mlango mmoja wa bati umefungwa kwa ndani, na nyuma yake mtu anagonga ukuta kwa kikombe, polepole, kama mtu asiyetarajia tena kusikiwa. Nipe mji. Sikudhani hautoi. Ni Mzee Lugendo, anasema, na hilo usoni mwako ni dole langu.

Anaamka. Tunu amekaa mbele yake. Sikudhani hangoji hata salamu. Mzee Lugendo haji, anasema, wiki ya nane hii haji, mimi ndiye natia dole, yuko ndani peke yake, twende. Tunu anamtazama kama anavyotazamwa mgonjwa wa homa. Dada Siku, umeshaniambia. Tumetoka kwake sasa hivi, mimi na wewe. Umemwosha, nikampikia. Na amekutania, kasema mratibu gani huyu anaaga kwa kubeba ndoo. Sikudhani anatazama mikono yake, mikavu. Hakumbuki ndoo, hakumbuki mlango kufunguliwa, wala sauti ya mzee. Anatafuta viatu vyake chini ya meza.

Basi twende tena.

Tena, dada? Mzee wa watu kalala.

Kama tumeshakwenda, atatucheka, na kama bado, anatungoja, anasema Sikudhani, na anatangulia.