Koti la Muhsin Inogomov

Kaka yangu Muhsin alifariki Jumanne, kabla ya saa sita mchana, akiwa darasani. Wanafunzi wake wanasema aliinua mkono kumsimamisha mpiga fidla, akasema, "Tena, polepole," kisha akaketi. Mpiga fidla alirudia kipande chote hadi mwisho, akasimama akingoja kukosolewa. Hakukosolewa.

Jua halijatua tulikuwa tumeshamzika, kama ilivyo desturi hapa Tashkent. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyezabwa kofi kwa nyuma, anageuka huku na huku amjue aliyempiga. Wanawake wa mtaa, katika nguo zao za buluu za msiba, waliomboleza uani chini ya mzabibu. Mimi nilisimama mlangoni nikipokea nilichopewa na kutoa nilichoombwa. Waosha maiti walipomaliza kazi, mkuu wao, mzee Parpi, alinyoosha mikono. Nguo alizofia mtu ni haki ya mwoshaji. Nikakunja shati, suruali, na lile koti la kijivu, nikampa. Sikugusa mifuko. Kupekua mifuko mbele ya mwoshaji ni kumwambia humwamini, na katika mtaa wetu aibu ya namna hiyo huzeeka na mwenyewe.

Muhsin alikuwa mtoto wa fundi wa matanuri ya mkate. Alipelekwa Moscow kusoma akiwa na miaka kumi na tisa. Alirudi na shahada, na tabia ya kusikiliza kabla ya kujibu. Alitunga simfonia tano, na muziki wa filamu ambao madereva wa teksi huupiga mluzi bila kujua ni wa nani. Alitunga na opera moja, ikaondolewa jukwaani baada ya onyesho la pili. Hiyo hakuizungumzia kamwe. Alifundisha miaka arobaini na mmoja. Mwanafunzi aliyeleta kazi mpya aliambiwa kwanza aiimbe. "Usichoweza kukiimba mwenyewe," alisema, "usimtwishe mwenzio."

Alitunga akitembea, kwa penseli, karatasi zikiwa mfukoni. Mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku kwenye unga, na hakuna aliyeweza kuusoma ila mimi. Niliishia sekondari, lakini mkono wangu ulikuwa mzuri, basi tangu nikiwa na miaka ishirini na mbili nilimnakilia kazi zake zote kwa wino.

Siku ya tisa alikuja Lobar, mwanafunzi wake wa mwisho. Alikaa, akamega mkate, hakuula.

"Shangazi Zebi, umeshaanza kunakili sehemu ya nne ya simfonia yake mpya?"

"Ya nne ipi? Alinipa tatu."

"Aliimaliza Jumatatu. Tuliziona karatasi, kurasa kumi na moja. Akatutania, 'Hii imeninyima usingizi, sasa zamu yenu.' Halafu akazirudisha mfukoni."

"Mfuko gani?"

"Wa koti, shangazi. Lile la kijivu."

Niliweka bakuli la chai mahali ambapo hapakuwa na meza. Chai ilimwagika miguuni, nami sikusikia moto wake.

Wifi yangu Hanifa, mjane wa Muhsin, alinizuia langoni. "Wifi, usithubutu! Adaiye nguo ya maiti anaita maiti mwingine. Unataka nani amfuate? Mwanangu?"

"Sidai nguo. Natafuta karatasi."

"Zilitoka ndani ya nguo. Ni mamoja."

Kwa miaka yote niliyoishi naye nyumba moja sikuwahi kumjibu Hanifa mara mbili. Siku hiyo hata sikumjibu ya pili. Nilijitanda shali nikapita.

Mzee Parpi alikuwa akipasua kuni, na koti la kaka yangu lilikuwa mwilini mwake. Mabega yalimpwaya. Nilipomuuliza, alijipapasa mifuko kama mtu aliyetuhumiwa.

"Karatasi zilikuwamo, ndiyo. Alizichukua mke wangu. Yuko kwenye mlango wa metro na mbegu zake."

Nilianza kuelewa kabla sijafika. Bi Oysara huuza mbegu za alizeti, naye huzifunga katika karatasi alizozisokota kama pembe. Binti mmoja alinipita akitafuna, akitema maganda, na juu ya vidole vyake niliziona nota za Muhsin, zile ambazo mikia yake aliivuta kushoto kama ndoano. Alimaliza mbegu, akaikunjakunja karatasi, akaitupa kwenye pipa. Nilitaka kupiga kelele. Nikamsogelea Bi Oysara.

"Karibu dada! Za chumvi au zisizo na chumvi?"

"Karatasi hizi, mama, umezitoa wapi?"

"Kwani umekuja kununua mbegu au karatasi?" Akacheka. "Lakini ni nzuri, eh? Nene. Magazeti ya siku hizi hutoboka ukiyatazama tu." Hapo akaiona nguo yangu ya buluu, na kicheko kikamkatika. "Wewe si dada yake mwalimu?"

"Ni kazi yake ya mwisho. Hakuna nakala."

Bi Oysara alishika ukosi wa gauni lake kwa mikono miwili, kama tufanyavyo jambo linapotuzidi. "Yarabi! Mimi nilidhani mtoto kachorachora! Madoadoa matupu! Parpi, umenichomea nyumba!" Akazimwaga mbegu zote kwenye aproni yake, akinipa karatasi moja moja. "Kila moja nimeikata mara nne, dada. Nisamehe. Mara nne."

Vilikuwa vimebaki vipande sita tu. Cha saba nilikitoa ndani ya pipa, mkono wangu ukizama hadi kiwikoni, watu wakinikwepa. Kilikuwa na chumvi na mate.

Nyumbani vipande vinne viliungana vikawa ukurasa wa tatu. Vitatu havikuungana na chochote.

"Jaza, shangazi," Lobar aliniambia wiki iliyofuata. "Miaka arobaini na minne umeandika kila nota yake. Unajua angekwenda wapi. Nani atajua?"

"Mimi nanakili, Lobar. Situngi."

Lakini alipoondoka nilikaa mezani. Nilisema nitajaribu mstari mmoja tu, nione kama mkono utakataa. Mkono haukukataa. Ulikwenda moja kwa moja kutoka ukingo wa ukurasa wa tatu, mistari miwili, minne, bila kusita, pamoja na ile tabia ya Muhsin ya kuichelewesha sauti ya chini. Kisha, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa sheria yake, nikaiimba. Iliimbika. Hanifa alitoka jikoni akasimama mlangoni na kijiko mkononi, uso umempauka.

"Umeipata?" akauliza. "Hiyo ni yake. Umeipata wapi?"

Kifo cha kaka yangu kilikuwa kimenipiga kwa nyuma. Hili lilinipiga usoni. Niliikunja karatasi nikaishika kifuani, na sikujua nilichokuwa nikikificha: wizi, au kitu changu.

"Sijaipata," nikasema.

Tamasha ni tarehe kumi na mbili Aprili. Okestra itapiga sehemu tatu, kisha ukurasa wa tatu wa sehemu ya nne, na unapoishia, wapiga fidla watashusha pinde zao.