Jumamosi Niliyompisha Gaudens

Mzee Alfred alinipigia simu alfajiri, na simu ya alfajiri siku ya Jumamosi, mwezi wa Januari, theluji imepanda hadi dirishani, haiwi ya kukusalimia.

"Christina, mwanangu, umeshaamka?"

"Nimeamka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu kaa kitako kwanza."

Nikakaa. Akaniambia kuwa mama yake Gaudens amefariki saa chache zilizopita huko Bukoba. Presha ilimpanda, akaanguka jikoni. Mjomba mtu alikuwa amepiga simu Lakeville kwa Mzee Alfred, ambaye ndiye mkubwa wetu sisi Watanzania wa Minneapolis na Saint Paul. Hakumpigia Gaudens, na ndivyo tufanyavyo. Mtu wetu aliye mbali hapewi msiba kwenye simu akiwa amesimama peke yake. Watu hukusanyika kwanza nyumbani kwake, wakamkalisha, wakawa tayari kumshika, ndipo mkubwa anasema.

"Leo si mna yale mazoezi yenu ya mapanga?"

"Ndiyo, saa nne."

"Basi mshikilie huko mpaka saa sita. Wengine wanatoka Eden Prairie, na barabara unazijua zilivyo leo. Humphrey anayekaa naye atatufungulia. Ila, Christina, asipige simu nyumbani. Chonde chonde. Please."

Nilijua anachokiogopa. Kila Jumamosi, tukimaliza mazoezi, Gaudens aliingia jikoni mwa lile kanisa tulilokuwa tukifanyia mazoezi, akatoa kadi yake ya simu, akapiga Bukoba kwa jirani mwenye simu. Mama yake alikuwa akimsubiri pale, amevaa khanga ya kutokea.

Niyaeleze hayo mapanga, maana watu wetu walitucheka sana. Davis, Mzungu mmoja mwanafunzi wa historia, alikuwa na fotokopi ya kitabu cha Kitaliano cha zaidi ya miaka mia nne, kinachofundisha watu wawili kupigana kwa upanga hatua kwa hatua, kila mmoja akijua zamu yake. Panga zetu zilikuwa butu, na usoni tulivaa kofia za wavu wa chuma. Mimi nilijiunga kwa sababu nina hasira za karibu na sikuwa na pa kuzimwaga. Gaudens alijiunga kwa sababu ni Mhaya na aliona koti la mazoezi linampendeza.

Katika mfuatano tulioupenda, mimi ndiye niliyeanza. Namkata kichwani. Anakinga, anarudisha pigo shavuni kwangu. Nakinga, nashuka mguuni kwake. Anauondoa mguu na kunichoma kifuani. Kitabu kinaishia hapo, lakini Davis alituruhusu jambo moja: anayechomwa, akiwahi, ateremshe upanga kwenye mkao ambao Wataliano hao waliuita mlango wa chuma, ausukume ule mchomo pembeni. Mimi niliwahi siku zote. Na Davis alikuwa na sheria ambayo hakutaka mjadala juu yake: piga kweli. Usipompiga kweli mwenzako, unamfundisha kukinga hewa. Sheria hiyo niliipenda kuliko zote.

Miaka miwili Gaudens hakuwahi kunigusa, na mama yake alizijua habari zote. Hakuuliza masomo wala baridi kabla ya kuuliza, "Yule Mpare umeshamgusa?" Mwanawe akijibu bado, alicheka mpaka jirani akacheka naye. Aliniletea hata salamu, kwamba nisimwonee huruma, ila hana wasiwasi, maana hajapata kumwona Mpare anayetoa kitu bure. Sikuwahi kuonana naye mama huyo. Nilimpenda kwa utani tu.

Siku hiyo Davis alikuwa safarini, ametuachia ufunguo. Nilimkuta Gaudens kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, anapasha viungo huku anapiga mluzi. Ndani ya koti la mazoezi alivaa sweta la kijani alilofumiwa na mama yake, lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

"Umechelewa, dada. Au umeogopa?"

"Snow, bwana. Vaa kofia."

Nilishukuru kwamba kofia ile inaficha uso. Mpango wangu ulikuwa kumchosha mpaka muda ufike, nisahau na yeye asahau simu. Nikampiga kama kawaida yangu, na zaidi. Nilimkasirikia Mzee Alfred, nikamkasirikia mjomba, nikamkasirikia mpaka marehemu, Mungu anisamehe, kwa kufa siku ambayo mwanawe alikuwa mikononi mwangu. Tulirudia mfuatano ule mpaka jasho likatutiririka, na nje kulikuwa na baridi ya kuua mtu.

"Kris, leo umekula nini?" alisema akihema. "Haya, ya mwisho. Nina simu ya kupiga."

Nikamkata kichwani. Akakinga, akarudisha. Nikakinga, nikashuka. Alipoondoa mguu na kunijia, mkono wa lile sweta ukachomoza kwenye koti, ule mrefu, uzi wake umefumuka penye kifundo. Nikawaza kwamba hakuna tena wa kuufuma. Upanga wangu ulijua pa kwenda, lakini mkono ulikataa. Ncha ya upanga wa Gaudens ikanigonga kifuani taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Gaudens alisimama kama haamini. Kisha akavua kofia, akapiga kelele, akauzunguka ukumbi mzima mikono juu.

"Nimemgusa Mpare! Jamani, hakuna hata shahidi! Ngoja nim-call mama, leo hatalala!"

Akakimbilia jikoni. Huruma yangu ndiyo iliyompeleka kwenye simu niliyotumwa nimzuie asiiguse.

Nilipomfikia alikuwa anabonyeza zile namba ndefu za kadi. Nikaweka kidole nikaikata simu.

"Tukale kwanza. Utapiga ukifika kwako."

"Mama anasubiri, Kris. Kule ni usiku tayari, jirani atafunga."

"Baadaye, Gaudens."

Akacheka, akaanza upya. Nikaikata tena. Safari hii hakucheka. Alinitazama, mkonga wa simu ungali mkononi.

"Tangu lini wewe ukatoa kitu bure?"

"Sijatoa. Umenigusa."

"Vaa kofia."

"Tumechoka, bwana."

"Vaa kofia, turudie. Kama nyumbani wote ni wazima, nizuie."

Tukarudi ukumbini. Ningeweza kumzuia, ningemzuia hata nikiwa usingizini. Lakini kumzuia kungekuwa kumdanganya kwa kitu pekee ambacho hatukuwahi kudanganyana. Na nisipomzuia, nampa msiba nikiwa peke yangu, kinyume kabisa cha nilivyoagizwa. Nikamkata kichwani huku nalia ndani ya wavu. Akakinga, akarudisha. Nikakinga, nikashuka. Akauondoa mguu, na mchomo wake ukaja polepole kuliko siku zote. Alikuwa ananipa nafasi. Alikuwa ananiomba nimzuie.

Upanga wangu ulibaki chini.

Ncha ikatua kifuani mwangu, ikakaa pale pale.

"Ni mama?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakulia. Aliufuta upanga wake, kisha akaufuta na wangu, akazitia zote mbili kwenye mfuko wa panga, akalikunja koti vizuri kana kwamba Davis anamtazama. Nilitamani alie. Nilimgusa bega, akasema, "Twende," basi.

Tulishika Highway 7 kuelekea Hopkins, mimi nikiendesha, hita ikinguruma. Tulikaribia kufika ndipo aliposema.

"Ile ya kwanza. Nilikugusa kweli, au ulinipisha?"

"Ulinigusa," nikasema.

Akaitikia, akageukia dirishani. Uongo huo haukumdanganya yeyote kati yetu, ila aliupokea.

Nje ya nyumba yao magari yalikuwa yamejaa, na theluji ya mlangoni imekanyagwa mpaka imekuwa nyeusi. Mzee Alfred alitufungulia mwenyewe. Sebule nzima watu, wanaume kwa wanawake, chai imeshapikwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anainywa. Nilijua kwamba sasa Gaudens atasema, "Najua, Christina amenionyesha," na mimi nitabaki na aibu yangu mbele ya watu wote.

Gaudens alivua viatu. Akawaamkia wakubwa mmoja mmoja.

"Karibu mwanangu, kaa hapa," Mzee Alfred akamwambia, akamweka kati yake na Humphrey.

Mzee akaanza mbali, kama inavyopasa. Akasema juu ya safari ya maisha, juu ya Mungu, juu ya jinsi sisi wa ughaibuni tulivyo ndugu. Gaudens alimsikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu ambaye hajaambiwa kitu. Hakumkatisha, wala hakuinua macho kunitazama hata kidogo. Kila mtu chumbani alikuwa anamtunza yeye, na yeye alikuwa ananitunza mimi.

"Sasa, mwanangu," Mzee Alfred akasema, "mama ametutoka."

Gaudens akapiga ukelele ambao sijausikia tena. Alianguka mbele, akaibwaga meza na chai yote. Humphrey akamshika kiuno, Mzee Alfred akamshika kichwa, mkewe Pamela akamkumbatia, na wanaume wawili wa Eden Prairie nisiowajua hata majina wakamshika mikono. Bado hawakutosha. Alikuwa akiwavuta wote huku na huku, anamwita mama yake, anamwambia kwa Kihaya mambo ambayo sikuyaelewa, isipokuwa neno moja katikati yake, Mpare.

Nilikuwa bado mlangoni na buti zangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakulia kule kanisani. Kule alikuwa na mimi tu.

Nikavua buti, nikaenda kumshika miguu.