Miche Iliyolazwa

Siku ya kumi na tisa baada ya kujifungua, mpima ardhi alijikuta ameipima sebule yake kwa hatua. Saba kwenda, tano kuvuka. Aliipima tena akiwa na kichanga begani, akapata sita na nusu, akaukasirikia ukuta kana kwamba umemdanganya.

Hakuwa mtu wa kukaa. Kazi yake ilikuwa kutembea: asubuhi kupakia darubini ya vipimo na miguu yake mitatu, mchana kukatiza mashamba na vichaka akipigilia vigingi, jioni kurudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Wenzake kazini walimwita Kiguu na Njia, na jina lilimpendeza. Sasa alikuwa na likizo ya uzazi, nyumba ya vyumba viwili na watoto wawili. Wa kwanza, binti wa miaka miwili na nusu, aliitwa Bosi kwa sababu alianza kuamrisha watu kabla hajajua kusema vizuri. Wa pili, wa kiume, bado walikuwa wakimwita Mgeni, na kama wageni wengi, alilala wenyeji walipotaka kuzungumza na kuamka walipotaka kulala.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Aliondoka kabla hakujapambazuka, akarudi adhuhuri ananukia hamira, akala, akaanguka kitandani kama gunia. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na zamu mbili za ukimya: asubuhi Mgeni amelala, mchana baba amelala. Bosi akiburuta kiti, aliambiwa shii. Akiimba, shii. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anatembea kwa ncha za vidole na kulinyamazisha hata bomba la jikoni likidondosha maji.

Wifi yake mpima alikuwa msusi. Alikuwa amefunga saluni yake mwezi mzima aje kusaidia, na kwa kweli alisaidia: alifua, alipika, alimkanda mzazi mgongo kwa maji ya moto. Ila hakuweza kusaidia bila kusema.

"Wifi, kaa chini."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Umesimama dirishani kama mlinzi wa benki."

"Nikikaa mgongo unauma."

Ulikuwa uongo. Mgongo ulikuwa salama. Kilichomsumbua hakikuwa na jina: kila alipokaa, kitu kilianza kumkimbia kifuani, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka lakini hakumbuki ni jiko la nani. Alihesabu pumzi za Mgeni. Alikwenda kutazama kitasa cha mlango, akarudi, akaenda tena kukitazama. Hata Mgeni alipompa nafasi ya kulala, yeye alikodolea macho dari akisubiri kilio, na kilio kilipokuja alipata nafuu, maana sasa angalau palikuwa na jambo la kufanya.

Ndipo alipoanza kwenda bustanini.

Ilikuwa bustani ya mji, mitaa miwili kutoka kwao, yenye ukuta mfupi wa mawe, miti ya kivuli, mabenchi sita na njia ya kokoto iliyoizunguka yote na kijia cha kokoto kilichokatiza katikati. Wengine walikuja kutazama maua. Yeye alikuja kuzunguka. Saa tatu kamili alimfunga Mgeni kifuani kwa mbeleko, akamshika Bosi mkono, wakashika njia. Mzunguko mmoja ulikuwa hatua mia nne na kumi. Siku ya kwanza alizunguka mara tano, siku ya tatu mara tisa, Bosi akichoka na kukaa katikati karibu na maua, yeye akipita na kumpungia kama basi linalopita kituo.

Bosi aliipenda bustani kuliko nyumbani. Humo aliweza kusema kwa sauti. Aliwaamrisha mchwa, aliwagombeza ndege, alichuma majani na kuyapanga kwa ukubwa.

"Kaka anajua kwamba unatoka kila siku?" wifi aliuliza siku moja, akichambua mchele. "Hata arobaini hujafika."

"Akiuliza nitamwambia."

Hakuuliza. Kila alipofika nyumbani aliwakuta watatu wamesharudi, miguu imenawishwa, viatu viko mahali pake.

Katikati ya bustani palikuwa na duara kubwa la udongo mweusi, na wiki hiyo nzima mtunza bustani alikuwa ameinama juu yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mabuti ya mpira na kofia iliyochakaa ukingo. Hakuwa mtu wa salamu nyingi. Alitoboa shimo kwa kijiti, akatumbukiza mche, akaushindilia kwa vidole viwili, akahamia mwingine. Mpima alimhesabia kila alipopita. Ijumaa duara lilikamilika: miche mia na ishirini, mifupi kama kidole, katika mistari iliyozungukana.

Siku iliyofuata, katika mzunguko wa nne, Mgeni alianza kulia njaa. Alilia kwa namna ambayo haikukubali kungoja, ikabidi mpima aketi benchi lililokuwa kivulini. Bosi alikuwa miguuni pake anapanga majani. Kichanga kilishika ziwa. Upepo ulikuwa wa kupoza tu. Mpima akajiambia atafumba macho kidogo, apumzishe kope.

Alipoyafumbua, kivuli cha mti kilikuwa kimehama kutoka magotini pake. Mgeni alikuwa amelala mdomo wazi. Miguuni palikuwa na majani, lakini Bosi hakuwepo.

Alisimama, akatazama lango kwanza, halafu njia, halafu nyuma ya benchi. Alikimbia huku mkono mmoja umeshika kichwa cha kichanga, akapita benchi la pili, la tatu, akazunguka kichaka, na hapo akamwona.

Bosi alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, upande wa pili wa duara. Mbele yake miche yote ilikuwa imelazwa njiani, mmoja mmoja, vichwa upande huu na mizizi upande ule, na kila mmoja amefunikwa jani kubwa hadi shingoni. Duara lenyewe lilikuwa matobo matupu.

Mtoto aligeuka, akaweka kidole chenye udongo mdomoni.

"Shii," akasema. "Imelala."

Mpima alimkumbatia kwanza. Alimbana sana hata Bosi akalalamika. Kisha akainua macho. Hapakuwa na mtu aliyewaona, na lango lilikuwa hatua arobaini tu. Angeweza kuwabeba wote wawili na kutokomea, na asingelazimika kurudi tena. Wazo hilo lilimpitia, isingekuwa kweli kusema halikumpitia. Lakini miguu, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, haikutaka kwenda.

Mtunza bustani alitokea upande wa bomba na ndoo ya kumwagilia. Aliiweka chini taratibu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mwanangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilisinzia pale kwenye benchi."

Mwanamke yule aliitazama miche kwa muda mrefu. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Wiki nzima nimeinama hapa," alisema. "Mgongo huu sikuuazima. Na Jumatatu mkaguzi anapita."

"Imekufa?"

Aliinama, akafunua mmoja, akapapasa mizizi. "Bado. Jua likifika hapa njiani ndiyo basi."

Mpima aliutazama mti ulioitia njia kivuli, akautazama urefu wa kivuli chake. Hilo lilikuwa somo lake. "Dakika arobaini," akasema. "Nishikie mtoto."

"Mimi?"

"Siwezi kuinama naye."

"Sina mtoto mimi. Sijawahi kushika kitu kidogo namna hii."

"Umeshika miche."

Mtunza bustani alijifuta mikono kwenye ovaroli mara tatu, akampokea Mgeni kama mtu aliyepewa bakuli lililojaa maji hadi ukingoni. Alibaki amesimama hivyo hivyo, hata kofia ilipomwangukia machoni hakuthubutu kuigusa.

Mpima akapiga magoti. Hakuwa na kamba, lakini jicho lake lilizoea mistari kuliko vitabu. Shubiri moja, mche. Shubiri moja, mche. "Usizamishe shingo," mtunza bustani alielekeza kutoka juu. "Shindilia pembeni. Hapo. Huo umeinama, unyooshe." Bosi alikuwa amesimama kando, mdomo umemcheza, yu karibu kulia, maana usingizi wa watoto wake wote ulikuwa unavurugwa.

"Njoo unisaidie," mama alimwambia. "Iamshe, halafu nipe."

"Niiamshe?"

"Ndiyo. Imelala vya kutosha."

Bosi alifikiri. "Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Akaondoa jani la kwanza, akavuta pumzi na kupiga kelele za kuamsha mtaa, hata mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti benchi la mbali akalishusha magotini. Mgeni alishtuka, akanyoosha mikono, akaendelea kulala. Mche wa kwanza ukaingia ardhini. Wa pili ukaamshwa, na wa tatu. Mtunza bustani aligeuza uso pembeni, na mpima aliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko alichokuwa anakibana.

Jua lilipofika njiani, miche mia na kumi na miwili ilikuwa imerudi. Minane ilikuwa imevunjika. Mpima alisimama, na aliposimama tu kile kitu cha kifuani kikarudi. Kwa dakika zile arobaini hakikuwa na nafasi.

"Mwanao ana uzito kuliko anavyoonekana," mtunza bustani alisema akimrudisha Mgeni. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, Bosi asisikie: "Miche itajijua yenyewe. Ila usisinzie tena hapa ukiwa na mtoto anayekimbia. Lile lango halifungwi, na barabara unaiona."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfuata nyumbani. Mitaa miwili ile aliitembea bila kuhesabu hatua.

Mwoka mikate alikuwa mlangoni, unga bado umo masikioni. Nyuma yake wifi alisimama na kitana mkononi, ingawa hapakuwa na kichwa cha kuchana. Saa ilikuwa saba kasoro. Mumewe alimtazama mkewe, udongo hadi viwikoni, akamtazama Bosi, udongo hadi kichwani.

"Mlikuwa wapi?"

"Bustanini."

"Dada anasema unakwenda kila siku."

"Nimekwenda siku tisa."

"Siku tisa, na mimi naishi nyumba hii hii."

Wifi alimchukua Bosi kwenda kumwogesha. Mpima aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Aliona kishawishi cha kumweleza habari ya miche kama kichekesho, wacheke, yaishe. Badala yake akamweleza habari ya benchi. Alimweleza jinsi alivyoamka na kutazama lango kwanza, na jinsi lango lisivyofungwa.

"Sijalala," alisema. "Sisemi sijalala vizuri. Sijalala. Nikikaa naona kuta zinanisogelea. Nikifumba macho nahisi kuna mtu anadondoka mahali. Kwa hiyo natembea. Nikitembea najua angalau niko wapi."

Mumewe aliketi kando yake. Alikuwa mtu wa mikono, maneno hayakumjia upesi.

"Mimi kila siku naingia hapa nalala," alisema mwishowe, "na wewe unanizungukia kwa ncha za vidole."

"Umechoka kazini."

"Nimechoka. Na wewe?" Alijipangusa unga masikioni, akautazama vidoleni. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mtoto mzima, hospitali salama, chakula kipo, wifi yupo. Ningeanza na neno gani?"

Mumewe aliinuka. Alivua viatu alivyokuwa amevaa, akavaa ndala, akamfuata Bosi bafuni. Siku ile hakulala mchana. Alimpeleka binti yake nje, na mpima akasikia sauti zao zikipungua barabarani, ya mtoto ikiamrisha na ya baba ikitii. Alilala chali akasubiri usingizi. Ulikuja robo saa, ukaondoka.

Waliishi hivyo wiki iliyofuata. Mumewe akitoka kazini alipita kumchukua Bosi moja kwa moja kwenda bustanini, wakarudi alasiri, ndipo akalala. Haikuwa rahisi: siku moja alisinzia juu ya sahani, siku nyingine waligombana kuhusu soksi hadi wifi akawaambia atafungua saluni kesho awaache na soksi zao. Wifi ndiye pia aliyesema, akimkanda mpima mabega, "Hili si la kukandwa, wifi yangu. Hili ukaliseme kwa anayejua."

Siku ya kliniki ya wiki ya sita walikwenda wote. Muuguzi alimpima Mgeni uzito, akamchoma sindano, akamsifu kwa mapafu yake. Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye kadi, akauliza, "Na wewe mama, hali yako? Unalala?"

Wanawake wawili walikuwa wakisubiri mlangoni na watoto wao. Mpima alimtazama mumewe. Mumewe hakumjibia, alimpokea Mgeni tu, mikono ya mpima ikabaki mitupu.

"Silali," akasema. "Hata mtoto akilala, mimi silali. Na siwezi kukaa."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Aliinuka, akawaomba wale wawili wasubiri kidogo, akafunga mlango. Alivuta kiti chake kutoka nyuma ya meza, akakiweka karibu na cha mpima, magoti kwa magoti.

"Tangu lini?" akauliza.

Mpima akaanza kueleza. Alieleza kwa muda mrefu, akirudi nyuma na kurukaruka, na muuguzi hakumharakisha. Alipoandikiwa kurudi kila Alhamisi, na kupewa jina la daktari wa kuonana naye, aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye pindo la mbeleko. Kupona kulichukua miezi, si siku. Lakini mchana ule walipofika nyumbani aliketi kwenye kiti cha sebuleni, akavua viatu, na Bosi alipopita akiburuta kiti chake cha mbao sakafuni kwa kelele zote, hakuna aliyemwambia anyamaze.