Gego Lililopata Ajira ya Kudumu

Mwalimu wa hesabu alikuwa akifundisha kujumlisha sehemu, mkono mmoja ubaoni na mwingine shavuni, gego lake la chini lilipomkata maneno. Lilikuwa likimpwita tangu wiki iliyopita. Alifika mahali pa kutafuta asili inayofanana, zile namba za chini, akafumba macho, akawaambia wanafunzi wafungue madirisha. Wanafunzi hawakuona madirisha na sehemu vinahusiana vipi, ila walifungua.

Haukuwa wakati mzuri wa kuumwa. Siku mbili baadaye mkuu wa shule angeingia darasani kwake, akae nyuma, aamue kama apewe ajira ya kudumu au aongezewe mwaka mmoja, kama alivyoongezewa kila mwaka tangu ahamie nchi hiyo. Wenzake walimwita Mgeni, kwa upendo, na kwa upendo huohuo wakamwachia vipindi vya Ijumaa mchana na zamu ya kufunga geti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe lilikuwa limeshamchakalia mkononi na bado ni mgeni. Sasa, mwenye ajira ya kudumu aliruhusiwa kumleta ndugu mmoja. Mwalimu alikuwa mama wa binti mmoja tu, aliyebaki nyumbani kwa bibi yake, na walikuwa wakizungumza kwa simu siku za Jumapili. Alimtaka mtoto wake. Hakutaka kingine chochote katika nchi ile, hata hali ya hewa hakuwa ameizoea.

Kliniki ya meno ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mapazia. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye mikono midogo na maneno mengi. Alimlaza mwalimu kwenye kiti, akamchoma sindano ya ganzi, akaanza kumsimulia habari za mwanawe aliyetaka kuoa mtu asiyefaa. Mtu mwenye koleo mdomoni hukubaliana na kila kitu. Gego lilikuwa limejishikiza kama mpangaji asiyetaka kuhama. Daktari akaweka goti kwenye kiti, akavuta, likatoka.

Lilipotua kwenye trei lilisema, "Asili zikishafanana, tunajumlisha vya juu tu. Vya chini haviguswi."

"La mwalimu hilo," alisema daktari, akikamua pamba. "Ndivyo yalivyo. Juzijuzi nilimng'oa wakili mmoja, jino likashinda hapo linadai utaratibu haukufuatwa."

Akalitia kwenye glasi ya maji ya chumvi, akamkabidhi mwenyewe. "Usinywe cha moto, mwanangu. Na usiongee mpaka uvimbe upungue."

Siku ya ukaguzi uvimbe haukuwa umepungua. Mwalimu aliingia darasani shavu limemvimba, pamba imemjaa mdomoni, akaweka glasi mezani, akakaa. Gego likafundisha. Lilikuwa na kila sababu ya kulijua somo, maana kwa miaka yote hakuna mwanafunzi aliyelisikiliza kwa karibu kuliko lenyewe. Liliuliza maswali, likawatania waliochelewa, likamsifu msichana wa dirishani ambaye hakuwahi kusifiwa na mtu. Wanafunzi walijumlisha sehemu mpaka kengele ikawaudhi.

Kilichomfurahisha mkuu wa shule zaidi ni matamshi. Kila mwaka alikuwa akimwambia mwalimu kwamba hesabu anazijua, tatizo ni lafudhi, wazazi wanashtuka. Gego halikuwa na lafudhi hata chembe. Kumbe lafudhi hukaa kwenye ulimi, na ulimi ulibaki kwa mwenyewe.

Mchana aliitwa ofisini, akaenda na glasi yake.

"Tumeamua kutoa ajira ya kudumu," alisema mkuu. Mwalimu akasimama. "Kaa tu, mwalimu. Si yako. Ni yake." Akaonyesha glasi kwa kidole. "Yeye amezaliwa hapa, juu ya duka la mapazia. Daktari mwenyewe amethibitisha."

"Nimekaa naye mdomoni tangu utotoni," alisema mwalimu kupitia pamba. "Nimemsugua asubuhi na jioni."

"Hiyo tunaichukulia kama mimba," alisema mkuu kwa upole. "Wewe tunakuongezea mwaka mmoja. Atahitaji mtu wa kumwandikia ubaoni."

Ofisi ya walimu ilipiga makofi. Gego likapewa kabati lenye ufunguo, na kiti chake, ambapo glasi ilikaa peke yake huku mwalimu akisahihisha madaftari amesimama. Wenzake walimpongeza kwa zamu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alimwambia mmoja wao, naye alikuwa anakula ndizi.

Mwalimu aliyameza yote. Alijiambia kwamba ajira imeingia katika ukoo, haidhuru imeingilia mlango gani. Jioni alibadilisha maji, akaongea na gego vizuri, kama mtu na mwanawe.

"Sasa unaruhusiwa kumleta ndugu. Mlete binti yangu."

"Ngoja nitulie kwanza," lilisema gego.

"Utulie mara ngapi? Si umo kwenye glasi?"

"Mama, kazi bado mbichi. Nikianza na mambo ya ndugu, watasema ni walewale. Halafu nisikufiche, huyo mtoto simjui. Mimi nilikuwa kule nyuma, gizani. Namsikia tu."

Mwalimu alikasirika kiasi cha kutaka kulimwaga chooni. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo tunavyofundishwa. Hakuna aliyefikiria kukagua mdomoni. Lakini usiku, akiwa kitandani, aliona gego lilikuwa na hoja. Lenyewe lilitafuna tu. Meno ya mbele ndiyo yaliyomchekea mtoto siku aliyozaliwa. Ndiyo yaliyomkatia uzi wa vifungo, yakamng'ata vidole vya miguu kwa mchezo baada ya kuoga.

Akarudi juu ya duka la mapazia.

"Hili ni zima," alisema daktari, akiligonga kwa chuma.

"Najua."

"Zima linauma zaidi, mwanangu. Na mbele hapo watu wanaona."

"Waone."

Daktari akachukua koleo. Ndoa ya mwanawe ilikuwa imeshafungwa, na siku hiyo hakuwa na mengi ya kusimulia.

Jino la mbele lilianza kulia kabla halijafika kwenye trei. Lilimtaja binti kwa jina la nyumbani. Lilikumbuka kofia aliyovikwa siku ya kwanza, na alivyopiga chafya mwanga ulipompata. Mwalimu naye akalia, pamba ikalowa, daktari akaongeza nyingine. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile alikuwa amekaa na mtu anayemlilia mtoto yuleyule, na alifurahi kuliko alivyotarajia.

Jumatatu alilipeleka kwa mkuu. Mkuu alilisikiliza, akasema lina sauti nzuri, darasa la watoto wadogo halina mwalimu wa nyimbo. Likaajiriwa siku hiyohiyo, kwa kudumu, kwa kuwa nalo lilizaliwa hapo. Jioni mwalimu aliinama juu ya glasi ya pili. Jino bado lilikuwa linalia.

"Nampenda," lilisema. "Nampenda sana yule mtoto. Ila ngoja nitulie kwanza."

Jumapili simu ilipita kwa bibi, ikafika kwa binti.

"Mama, mbona unaongea hivyo?"

"Nimeng'oa jino la mbele."

Binti alicheka mpaka bibi yake akamuuliza ana nini. "Basi na mimi niliongea hivyohivyo yaliponing'oka. Bibi alikuwa ananiita kibogoyo. Nilikuwa nalala na jino chini ya mto, nikisubiri nikuonyeshe."

"Lini hiyo?"

"Zamani, mama. Hukuwepo."

Mwalimu alimwomba aongee vile kidogo, asikie. Binti alijaribu, akashindwa; meno yake yote yalikuwa yameshaota. Basi wakazungumza habari za shule. Simu ilipokatika mwalimu alibadilisha maji katika glasi zote mbili, akazifunika kwa visahani, kwa sababu walimu walikuwa na vipindi vya asubuhi.