Mkono Usio na Koti

Henye aliimba amefumba macho, na alipoyafumbua alimkuta Bibi Pesye bado anamenya karoti.

"Nani amekufa?" Bibi Pesye akauliza.

"Samahani, Bibi?"

"Nauliza nani amekufa. Mbona unamlilia hivyo?"

Uso wa Henye ukamwiva kwa haya. Miezi mitatu alikuwa ameufanyia mazoezi wimbo ule wa Kiyidi. Jumapili angeuimba ukumbini, mbele ya wazee wa Kiyahudi wa Montreal ambao bado waligombana na kubembelezana kwa lugha hiyo ya kwao Ulaya Mashariki, na matangazo yalishabandikwa: nyimbo za Gitl Vaynshtok, fundi cherehani. Lakini wimbo alikuwa nao mmoja tu, aliouokota ndani ya kitabu kikuukuu pale maktabani, alipokuwa akifanya kazi ya kutengeneza vitabu vilivyochanika. Zilizobaki zilikuwa kwa huyu Bibi Pesye, bintiye Gitl, mwenye miaka themanini na minne, aliyeapa kuzikwa nazo.

"Niruhusu niziimbe, Bibi. Zitapotea."

"Wewe si wa kwanza. Alikuja profesa mwenye ndevu. Akaja mwingine na fidla yake. Wote wanataka mama yangu alie! Ametoka Bialystok, kule Poland Wayahudi walikouawa, basi alie tu. Mama alikuwa mcheshi, mwanangu. Kiwandani walimhamisha kiti mara nne, maana wenzake walicheka mpaka wakajishona vidole." Akaitazama saa ya ukutani. "Sabato inaingia leo saa kumi na dakika kumi na moja, ikiingia sipiki tena, na chakula changu hakijaiva. Maliza chai uende."

Henye hakuwa mtu wa kubishana. Alimaliza chai na jamu yake ya cheri, akavaa koti, kisha akatoa bahasha mkobani.

"Hii ni ya mama yako. Mimi nilinakili tu. Sina haki ya kukaa nayo."

Ilikuwa ile karatasi ya wimbo: paterni ya mkono wa koti, karatasi ya kahawia ya kukatia kitambaa, yenye nota za muziki za penseli. Bibi Pesye aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye aproni, mara mbili. Akapitisha kidole ukingoni, kikasimama.

"Nini hiki?"

"Palikuwa pamechanika, Bibi. Sehemu sita. Nimepaziba."

"Umeziba vikato! Ole wangu! Sita vyote?"

"Kwa gundi nzuri," Henye akanong'ona.

Bibi Pesye alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Hivyo ndivyo fundi anavyojua mkono unaingia wapi kwenye koti, wewe! Kaa. Vua hilo koti."

Akaenda chumbani, akarudi na mkasi na karatasi nyingine ya kahawia: kipande cha mbele cha koti, nacho kimejaa nota. Akavikata upya vikato sita, akasogeza ukingo wa mkono kwenye ukingo wa kwapa, na kila kikato kikakutana na mwenzake.

"Hapo ndipo sauti ya pili inapoingia. Ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Imba tena, ila haraka, kama umekanyaga cherehani."

Henye akaimba kwamba mchumba wake anakuja na farasi mweupe. Pakafika ule ukimya mrefu, ambao siku zote ulimtoa machozi.

"Wa kukodi!" Bibi Pesye akaitikia, sauti ikikwaruza kama mlango.

Anakuja na saa ya dhahabu.

"Ya kakake!"

Anakuja kesho kutwa.

"Mwaka gani?"

Henye alishindwa kumaliza kwa kicheko. Kumbe yule mwanamke wa wimboni hakuwa peke yake hata kidogo.

Bibi Pesye naye alikaa, anahema, ameweka kiganja juu ya karatasi mbili. Karoti zilikuwa zimesahaulika.

"Sasa Jumapili sauti yangu ataiimba nani?"

"Kuna msichana mmoja wa kwaya..."

"Wa kwaya! Ana miaka ishirini, anajua nini kuhusu farasi wa kukodi? Njoo unichukue saa nane, uje na gari kubwa. Chini ya kitanda kuna makoti thelathini na moja ya karatasi, yote nyimbo za mama. Mkono uache hapa na mwenzake."

Henye aliinama kumbusu shavuni, akakimbilia mlangoni, maana saa ilikuwa imekwenda.

"Henye!" bibi akaita nyuma yake. "Na hiyo gundi yako usije nayo!"