Bikoni ya Katikati

Cheruto alimaliza kukamua, akafunika maziwa kwa sahani ya bati, akampeleka ng'ombe wake kunywa maji. Anakaa Kariandusi, kwenye ule udongo mweupe unaong'ang'ania viatu vya gamboti. Shamba lake lina vipande viwili: cha juu kina nyumba na mahindi, cha chini kina kisima. Vinakutana kwenye bikoni moja tu ya mpaka, chuma chembamba kama kidole, kwa sababu mumewe alipofariki, shemeji yake Kipruto ndiye aliyemwonyesha mpima ardhi mahali pa kuvuta kamba. Kipruto alijipatia ubavu wa kulia na wa kushoto, akaweka seng'enge.

Basi ng'ombe alifika kwenye bikoni, akainamisha pembe, akawa mwembamba kama uzi wa kushonea, akapita. Upande wa pili alinenepa tena, kichwa kwanza, kiwele mwisho. Cheruto alimfuata na ndoo. Ndoo tupu hupita vizuri. Ikijaa hukwaruza kidogo.

Binti yake Chepngeno, anayesomea hesabu chuo kikuu, alikuwa ameketi kwenye jiwe akila kiazi kitamu.

"Mama, hii ndiyo tunasoma. Mahali pamebanwa kwa nukta moja."

"Kumbe inafundishwa?"

"Sana. Na kuna vitu ambavyo vikipanda juu mahali kama hapa, kimo cha katikati hakizidi wastani wa majirani zake. Kilele hakikai ndani. Kinakaa ukingoni."

Cheruto aliangalia mahindi. Ya katikati yalimfika magotini. Ya ukingoni yalikuwa yamepita seng'enge, yakainama na kuzalia upande wa Kipruto, ambaye alikuwa anayavuna.

"Shemeji, hayo ni yangu."

"Mama Chepngeno, mizizi ndiyo yako. Mizizi nimegusa?"

Mahindi Cheruto angeyaacha. Lakini ng'ombe alikuwa na mimba, na daktari wa mifugo alikuwa amesema kubanwa hivyo kila siku kutaharibu ndama. Akamwita naibu wa chifu, Bwana Owuor, aamue apewe njia ya upana wa ng'ombe, basi.

Owuor alikunywa chai, akamtazama ng'ombe akienda na kurudi. Kisha akavua kofia, akapita mwenyewe, akarudi akijipangusa vumbi.

"Mathe, njia si iko? Hata mimi na hii tumbo nimepita."

"Hiyo si njia," Chepngeno akasema. "Hiyo ni nukta. Hata chuo tunafundishwa."

"Si ni wewe umesema inafundishwa chuo? Basi inatambulika."

Kipruto alimsindikiza Owuor hadi barabarani, akambebea mahindi mabichi.

Ndama alizaliwa msimu wa mvua, bapa kama utepe wa fundi nguo. Alisimama, akanyonya, akashiba, hakunenepa. Cheruto humwanika jua la asubuhi, mkia ameubana kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, maana upepo wa ziwa Elmenteita ukimpeleka ng'ambo ya seng'enge, Kipruto atasema ni wake.