Goti la Majani na Goti la Mafuta

Mwaka ule wa 1896 Mto Tana ulifurika pale Kulesa hata samaki, wasemavyo walioona, wakawa wanapanda mpaka milangoni kuangalia watu wanakula nini. Walioona wenyewe walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa usingizini. Lakini tope waliliona wote, na tope ndilo lililokuwa mali. Maji yakishuka, kila mwenye kipande ukingoni huteremka akapanda mstari wa kwanza wa mpunga kwa mkono wake mwenyewe, kabla tope halijakauka. Asiyepanda, kipande chake hulimwa na jirani msimu mzima.

Bi Tuneya alikuwa mjane, na jirani yake alikuwa Jilo, mdogo wa marehemu mumewe. Magoti ya Tuneya yalikuwa yamevimba kama maboga. Hata urefu ulikuwa ukimtoka: kila mavuno alisimama kando ya mchi wake wa kutwangia, akatia alama kwa kisu usawa wa utosi, na kila mwaka alama ilikuwa chini ya ile ya mwaka jana. "Kuna kitu kinanila mifupa," aliwaambia watu, bila uchungu, kama mtu anayetaka tu kukijua jina.

"Shemeji, mwaka huu pumzika," Jilo alimwambia huku akinoa jembe. "Kipande nitakushikia mimi."

"Najua unavyoshika. Mbuzi wa kaka yako ulimshika hivyo hivyo, mpaka leo hajarudi."

Zilipobaki siku saba kabla ya kupanda, akapita Faki, muuza dawa wa Kipini, na mtumbwi wake. Alikuwa na kibuyu cha mafuta ya mamba.

"Mamba huyu, mama, aliishi miaka mia mbili, hakuumwa goti hata siku moja."

"Kwani mamba ana magoti?"

"Anayo manne. Ndiyo maana dawa ina nguvu."

Tuneya akatoa kikapu cha mchele, na mafuta aliyopimiwa yakatosha goti moja tu, la kulia. La kushoto akalitazama sana. Sasa, wanawake wa Kulesa wakitaka kupika kambare humsugua kwanza kwa majani mabichi ya mkwaju, uchachu ukamvua ute wote. Tuneya akalibonyeza goti la kushoto, likateleza ndani kwa ndani. Akajisemea, kumbe huyu ni kambare tu, amejificha chini ya ngozi. Akaponda majani ya mkwaju, akayachemsha kidogo, akayafunga gotini kwa kipande cha kaniki.

Siku ya tatu goti la kushoto likaanza kuonyesha umbo lake la usichana. La kulia lilibaki boga, tena boga linalonuka mamba. Shoga yake Dado akaja kuona.

"Basi funga majani kote kuwili. Una nini wewe?"

"Nikifunga kote nitajuaje?"

"Utajua nini?"

"Kwamba ni majani. Pengine lingenywea lenyewe."

"Basi kunywa maji yake, yafike kwenye mifupa."

"Nitakunywa baadaye. Yakishuka tumboni yatajuaje goti lao ni lipi?"

Dado akainuka aende zake. "Kipande kitakwenda kwa Jilo, wewe umekaa unalinganisha magoti."

Tuneya alilijua hilo, na halikumpa raha. Lakini udadisi ulimwasha kuliko uvimbe. Akangoja mpaka siku ya sita. La kulia halikupungua hata kidogo, na hapo akawa na hakika. Akalifungia majani nalo, ila siku moja haikutosha.

Asubuhi ya siku ya saba Jilo aliteremka ukingoni na jembe, pamoja na mzee Buya, shahidi wa mipaka. Wakamkuta Tuneya kapiga goti la kushoto topeni, mguu wa kulia kaunyoosha pembeni kama kasia, anapanda. Mstari wa kwanza ulikuwa umekwisha. Alikuwa kwenye wa pili.

"Mzee Buya," Jilo akasema, "mtu hupanda kwa magoti mawili. Huyu kapanda nusu."

"Desturi inataja mkono," Buya akajibu. "Magoti haikuyahesabu."

Faki, aliyekuwa akirudi Kipini, akasimamisha mtumbwi. "Mnaona mafuta yangu? Huanza kulia, yakahamia kushoto."

"Yakashindwa kubakiza hata tone yalikotoka?" Tuneya akauliza, bila kuinua kichwa. "Kanunue majani ya mkwaju, Faki. Lakini usiwaambie watu ni ya mamba."

Jilo alikuwa bado amesimama, jembe begani.

"Shemeji, sogea," Tuneya akamwambia. "Umekanyaga mpunga wangu."